Skrubu ya Pili

Kwa miaka 9 niliwaambia wateja wangu maneno yaleyale: "Hiyo haina shida, wewe tumia namba nne."

Dereva alikuwa akiingia gereji asubuhi ya Juni, vidole vimekufa ganzi, ananiambia feni ya hita imegoma namba moja, mbili na tatu, inazunguka namba nne peke yake. Mimi nilikuwa nimeshaujua ugonjwa kabla hajazima injini. Dawa yake niliijua pia, na nilijua imekaa mahali ambapo mkono unaingia kwa taabu na jicho haliingii kabisa. Dawa ilitaka nusu siku. Maneno yale yalitaka nusu dakika. Nikachagua maneno.

Kanisani kwetu watu husimama wakashuhudia walivyoacha pombe, walivyopatana na ndugu waliokosana nao kwa ajili ya shamba, walivyoinuka kitandani. Mimi ninashuhudia habari ya skrubu. Naomba unisikilize mpaka mwisho, maana skrubu hiyo ndiyo iliyonionyesha mimi ni mtu wa namna gani pale ambapo hakuna anayeniona.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Njombe. Kazi nilijifunza Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na njia ya Mbeya, kwa mzee mmoja aliyekuwa na gereji chini ya mkaratusi. Sikupita chuoni. Nilianza kwa kumshikia tochi, nikaja kuosha spana kwa dizeli, nikaja kukunja nyaya, na mwaka wa tatu ndipo aliponiruhusu kugusa gari la mtu. Mzee hakuwa msemaji, lakini jambo moja alilirudia mpaka nikalikariri: "Fyuzi ni mlinzi wa mlangoni. Ukikuta mlinzi amekufa, usimzike haraka ukasimika gogo mahali pake. Kwanza uliza kilichomuua."

Mwaka 2010 nikafungua banda langu la mabanzi, nikiwa na mita moja ya kupimia, seti moja ya soketi na jina la mzee mdomoni. Jina lake nililitumia kupata wateja. Neno lake nililiacha Makambako.

Msomaji wa Tanga au Dar es Salaam anaweza kujiuliza hita ya gari ina kazi gani Tanzania. Huko kwenu kile kitufe chenye rangi nyekundu na buluu hukaa upande wa buluu mwaka mzima. Njombe mjini tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Makete unazidi kupanda. Juni na Julai nyasi za Kitulo huamka na umande ulioganda, na ukungu hushuka barabarani kabla ya jua kuzama. Hapa hita haihesabiwi katika mapambo ya gari.

Kazi yake iko hivi. Maji ya moto ya injini hupita kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni husukuma hewa katikati ya mapezi ya rejeta hiyo, na hewa inatoka na joto. Wengi hudhani ni ya kupasha miguu. Kazi yake kubwa ni kioo. Watu wanne wakipumua ndani ya gari lililofungwa, mvuke wa pumzi zao unakutana na kioo cha baridi na kuwa ukungu kwa ndani. Dereva anafuta kwa kiganja. Baada ya mita 50 umerudi. Hewa ya moto ikielekezwa juu, kioo kinakauka na barabara inaonekana. Feni ikifa usiku katika njia ya Makete, dereva hana tena kioo. Ana ukuta mweupe mbele ya uso.

Na namba nne si ya kuishi nayo. Inavuma mpaka aliye kiti cha nyuma hasikiki, inakausha macho, inachosha. Kwa hiyo watu huizima ili wapumzike, na wakiizima kioo kinafunga. Haya yote niliyajua nilipokuwa nikiwaambia waitumie.

Sasa nieleze kinachoungua. Katikati ya kile kitufe cha kuchagua mwendo wa feni na mota yenyewe kuna kifaa kidogo, rezista, kipana kama kiberiti. Ndani yake kuna nyaya zilizosokotwa kama springi. Ukiweka namba moja, umeme unapita springi zote kabla haujafika kwenye mota, unafika umechoka, feni inakwenda polepole. Namba mbili springi zinapungua, namba tatu inabaki moja. Namba nne umeme hauzipitii kabisa, unakwenda moja kwa moja. Ndiyo maana rezista ikikatika namba nne inabaki hai wakati ndugu zake watatu wamekufa.

Umeme uliozuiwa haupotei, unageuka joto. Ampea 5 zikipita kwenye springi ya omu 1.5 zinazaa wati 37 na nusu, karibu sawa na ile balbu ya zamani ya wati 40, na balbu hiyo umeizungushia plastiki. Waliounda gari walilifikiria hilo. Waliiweka rezista ndani ya njia ya upepo, ili upepo uleule inaoupunguza uipoze. Kisha wakaongeza mlinzi: fyuzi ndogo ya joto, inayoyeyuka na kukata umeme mambo yakizidi. Fyuzi hiyo haifi bure. Chujio la hewa likiziba, upepo unapungua na rezista inakosa wa kuipoza. Mota ikianza kukaza, inavuta umeme mwingi kuliko kawaida. Fyuzi inakufa ili plastiki isiungue.

Wateja waliokubali kutumia namba nne walikwenda zao. Wale waliosisitiza niliwafanyia jambo baya zaidi. Nilitoa rezista, nikachukua kipande cha waya mwekundu, nikakilehemu juu ya fyuzi ya joto iliyokufa, nikairudisha. Sisi mafundi tunaita kupiga dairekti. Namba zote nne zinafufuka papo hapo, mteja anatabasamu, anatoa pesa. Sikufungua feni kuangalia kama imeziba. Sikupima mota inavuta ampea ngapi. Nilimzika mlinzi na kusimika gogo.

Kisha ile skrubu. Katika magari mengi madogo ya Kijapani niliyoyashika, rezista ilishikwa na skrubu mbili. Ya kwanza unaiona ukilala chali, kichwa kikiwa sakafuni mbele ya kiti cha abiria na miguu ikining'inia kwenye egemeo. Ya pili imetazama ukuta wa injini, nyuma ya mhimili wa chuma unaobeba dashibodi. Hiyo unaifungua kwa kupapasa. Kuifungua nililazimika, maana bila hivyo kifaa hakitoki. Kuirudisha niliacha. Nilijiambia moja inatosha kushika kitu chepesi namna ile. Zile za pili nilizitupia kwenye kopo la kahawa lililokuwa dirishani, kwa kuwa mzee alinifundisha kutotupa skrubu. Hilo tu ndilo nililolishika.

Juni 2019 alikuja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa Makete, naye alikuwa akienda kumwangalia kila baada ya wiki mbili, safari ya zaidi ya kilomita 100 kwenda na nyingine kurudi, na barabara wakati huo ilikuwa ikijengwa vipande vipande. Feni yake ilifanya namba nne tu. Nikamwambia aitumie hivyohivyo. Akasema, "Fundi, mdogo hapati usingizi kwa ile kelele. Naomba unitengenezee."

Nikatengeneza kwa namna yangu. Nikampokea shilingi 35,000. Akawasha feni, akapandisha moja mpaka nne, akashusha nne mpaka moja. Kisha akanitazama, akauliza swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza.

"Fundi, imepona, au umeituliza tu?"

"Imepona, mwalimu."

Nilisema bila kupepesa. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba wakati mwingine anayeimaliza njia hiyo ni mtoto wa mtu mwingine.

Mwezi Agosti, Jumapili usiku, alikuwa anarudi kutoka Makete. Wameshapita Moronga, ukungu umekaa barabarani. Akasikia harufu ya plastiki. Alidhani wanachoma takataka mahali. Kisha moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi, upande wa kushoto, pale alipokaa mtoto wake mkubwa, miguu yake ikiwa chini ya ile droo. Akasimama, akazima gari, akawavuta watoto nje. Ufunguo ulipozimwa umeme wa feni ulikatika, moshi ukapungua, moto haukuwaka. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku.

Lakini gari halikuwa na feni tena, na kioo kilifunga mara tu walipoingia ndani. Walikaa pembeni ya barabara zaidi ya saa moja, watoto wamefunikwa kanga mbili na sweta la mama yao. Lori la viazi likasimama. Dereva alichungulia chini ya dashibodi kwa tochi, akaing'oa rezista kwa mkono mmoja. Ilikuwa na skrubu moja, na plastiki ya pale ilikuwa imelainika. Kisha akatangulia taratibu na lori lake, naye mwalimu akafuata taa zake za nyuma, kioo cha mlango kimeshushwa, kichwa nje, mpaka Njombe.

Haya yote sikuyajua Jumatatu aliponijia. Alisalimia kama kawaida, "Habari za kazi, fundi," akaweka juu ya meza yangu kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Nikafungua. Rezista ilikuwa nyeusi, plastiki yake imeyeyuka kama nta. Katikati ya ule weusi ulionekana waya mwekundu, mzima, na juu yake lehemu yangu. Fundi hupotewa na mengi, lakini lehemu yake anaijua kama mtu anavyoujua mwandiko wake.

Neno la kwanza lililonitoka lilikuwa uongo. "Spea za siku hizi, mwalimu, hazidumu."

Hakujibu. Aliutazama ule waya. Kisha akainua macho, akatazama nyuma yangu, ukutani, ambako roli la waya mwekundu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Alilitazama kwa muda. Halafu akasema kwa sauti ileile ya salamu:

"Nilikuuliza kama imepona au umeituliza. Mwanangu mkubwa ndiye hukaa upande ule."

Kama angenifokea ningejua la kufanya. Wateja wanaofoka nimewazoea. Aliongea kama mtu anayetaka kweli kuelewa. Nikajikuta nasema, "Niliituliza, mwalimu." Ndipo akakaa kwenye benchi akanisimulia usiku wa Moronga.

Nilimwomba aniachie gari siku tatu, bila malipo. Rezista niliagiza Kariakoo, mtaa wa Gerezani, ikaja kwa basi. Nilidhani jambo langu limekwisha pale: nitarekebisha, nitaomba radhi, maisha yataendelea. Kilichonivunja kilikuja kesho yake.

Nina kijana ninayemfundisha kazi. Mama yake alimleta kutoka Ludewa, akaniambia, "Baba, mwanangu huyu sasa ni wako." Asubuhi hiyo nilikuwa nyuma ya banda nanawa mikono, nikasikia gari limeingia, dereva anaeleza feni yake. Kisha nikasikia sauti ya kijana: "Hiyo haina shida, bosi, wewe tumia namba nne."

Yalikuwa maneno yangu, na mvuto wa sauti ulikuwa wangu. Nilipochungulia, hata mkono aliupunga kama ninavyoupunga mimi, kama anayefukuza nzi. Sijawahi kumkalisha nikamfundisha kudanganya. Nilimfundisha kukunja nyaya, kupima betri, kusoma rangi za waya. Uongo aliuokota mwenyewe sakafuni, pamoja na skrubu nilizoangusha.

Nilitoka, nikamwambia yule dereva kwamba tumekosea, gari lake lina ugonjwa unaotibika, ila dawa inataka nusu siku na gharama yake ni hii. Akasema atarudi. Hakurudi. Kijana akanitazama kama mtu aliyeona fundi wake ameugua.

Rezista ilipofika nilimwita tukae naye chini ya dashibodi ya mwalimu tangu mwanzo mpaka mwisho. Nitaieleza kazi yenyewe, kwa sababu kutubu bila kuonyesha kazi ni maneno tu, na maneno nilikuwa nayo ya kutosha.

Tulianza kwa kutoa terminali hasi ya betri, tukasubiri. Chini ya dashibodi kuna nyaya zilizovikwa rangi ya manjano. Hizo ni za mifuko ya hewa ya usalama, na mtu hazigusi na betri ikiwa imefungwa. Tukatoa droo ya abiria, kisha kipande cha plastiki cha chini yake. Kijana alilala chali, mimi nikashika tochi. Nilitaka mimi ndiye nishike tochi.

Alipapasa. Akataja alichokigusa: plagi, pembe ya mhimili, tundu la skrubu ya kwanza, na tundu la pili lililo tupu. "Fundi, hapa skrubu haipo." Nikamwambia, "Najua. Iko kwenye kopo."

Hatukuweka rezista mpya siku hiyo. Tulishusha kwanza feni yenyewe, kazi niliyokuwa nikiikwepa miaka yote. Mwalimu alikuwa akiegesha gari chini ya mipaina shuleni kwake, na majani ya paina ni membamba kama sindano. Yanapenya kwenye vitundu vilivyo chini ya wiper na kushuka mpaka kwenye feni. Tulitoa konzi mbili za majani, makavu, yamebanana kama kiota. Chujio lilikuwa kijivu, halipitishi hata mwanga wa tochi. Nikamwambia kijana aizungushe feni kwa kidole kisha aiachie. Feni nzima huendelea kidogo kwa kasi yake. Ile ilisimama palepale kidole kilipotoka. Mota ilikuwa inakaza.

"Unaona?" nikamwambia. "Huyu ndiye aliyemuua mlinzi."

Tulitafuta mota nyingine ya mtumba, tukaipima mezani kabla ya kuifunga, tukaweka chujio jipya. Plagi iliyoyeyuka tuliikata yote pamoja na waya uliokwisha kugeuka rangi, maana waya ulioungua hukakamaa na haushiki vizuri tena. Tukaweka plagi mpya na waya mnene wa milimita za mraba 2.5. Plagi iliyolegea ni hatari kama fyuzi iliyorukwa: mahali waya unapogusana kwa shida ndipo joto linapozaliwa. Na skrubu moja ndiyo inayolegeza plagi, kwa kuwa barabara zetu zinatikisa, rezista inachezacheza, plagi inacheza nayo. Ile skrubu niliyosema haina kazi ilikuwa na kazi.

Ikabaki kuirudisha. Nililala mimi mwenyewe. Ya kwanza iliingia kwa dakika moja. Ya pili ilinichukua karibu saa nzima. Nilitumia bisibisi fupi kama kidole gumba, kioo kidogo cha mkononi, na grisi kidogo ya kuigandisha skrubu kwenye ncha. Ilianguka mara nne. Mara ya kwanza ilitumbukia chini ya zulia, mara ya tatu ikaingia kwenye njia ya upepo, tukaitafuta kwa sumaku iliyofungwa kwenye waya. Ukingo wa mhimili ulinichana kifundo cha mkono. Kovu lake ninalo.

Nikiwa pale chini, shingo imekakamaa, mkono umepotelea gizani, niliona wazi jinsi ilivyokuwa rahisi kuacha. Hakuna ambaye angejua. Kijana hawezi kuona. Mwalimu hawezi kuona. Mkaguzi wa magari hawezi kuona. Skrubu ile iliniuliza mimi peke yangu. Nikatambua kwamba miaka 9 nilikuwa nimejidhani fundi mzuri kwa sababu ya kazi zinazoonekana: taa zinazowaka, honi zinazolia, nyaya zilizofungwa vizuri penye macho ya watu. Ufundi wangu uliishia pale macho ya mteja yalipoishia.

Iliposhika uzi wake wa kwanza niliisikia kwenye vidole kabla ya sikio. Nikakaza taratibu mpaka ikafika.

Tukafunga betri. Namba moja ilitoa upepo mdogo kama pumzi ya mtoto aliyelala. Mbili, tatu, nne. Tukaiacha namba moja kwa nusu saa, kisha nikaigusa plagi kwa mkono: vuguvugu. Nilimwita mwalimu, nikamwonyesha mezani kila kilichotoka, majani, chujio, mota, na waya wangu mwekundu, nikamweleza kila kimoja. Aliokota konzi moja ya majani ya paina akayatazama. Akasema, "Sasa nimeelewa." Akanishukuru. Sikustahili, nikaipokea.

Jioni hiyo nilimimina kopo la kahawa juu ya meza. Skrubu za pili zilikuwa 23. Kila moja ilikuwa gari linalotembea mahali fulani na waya wangu ndani yake. Nilikaa na kijana tukaandika kwenye daftari majina tuliyoweza kukumbuka. Yakatimia 17. Kwa miezi minne niliwatafuta, kwa simu, kwa kuuliza stendi, kwa kuwafuata mpaka Lupembe na Wanging'ombe. Niliwapata 12. Niliwaambia ukweli mmoja baada ya mwingine, nikawafanyia kazi upya kwa gharama yangu. Mmoja alinifukuza nyumbani kwake, na alikuwa na haki. Mmoja alidai pesa yake yote, nikamrudishia kwa mafungu. Mzee mmoja, baada ya kunisikiliza, alinikaribisha ugali na kunde, hakusema neno lingine juu ya gari.

Gari moja liliuzwa, likaenda Songea. Lingine lilipita mikono mitatu na njia yake ikapotea. Zile skrubu ambazo sikuzipatia magari yake bado ziko kwenye kopo, kopo liko dirishani. Sijaliondoa na sitaliondoa. Kubadilika kwangu hakukuzima nyaya zile.

Niseme pia ukweli wa mfuko. Mwaka ule kipato kilishuka. Ukimwambia mtu bei ya nusu siku, wakati jirani anamwambia bei ya nusu saa, wengi wataenda kwa jirani. Roli la waya mwekundu nalitumia kwa kazi zake halali, na fyuzi ya joto sijairuka tena. Kila kifaa nilichokitoa namkabidhi mteja mkononi, aondoke nacho hata kama ni uchafu mtupu. Asiye na pesa namwambia hivi: gari lako halijapona, chujio nitakusafishia leo, ukipata rezista uje, kwa sasa namba nne itakufikisha, ila usiizoee. Ni namba nne ileile, lakini anaondoka akijua alicho nacho.

Mwalimu bado ni mteja wangu. Mama yake alifariki mwaka uliofuata, na safari za Makete zimepungua. Mtoto wake mkubwa amekuwa mrefu, magoti yanagusa droo.

Wiki iliyopita liliingia gari lenye ugonjwa uleule. Kijana, ambaye sasa ni fundi mwenye wateja wake, alilala chini ya dashibodi peke yake. Mimi nilikuwa kwenye benchi nachubua waya. Saa zilikwenda. Jua liligeuka, mwenye gari alikwisha kurudi mara mbili kuuliza. Nikasikia kijana akivuta pumzi, kisha akasema kutoka kule chini, "Tayari, fundi."

"Ya pili imeshika?"

Akanyamaza. Kule gizani hakuna ambaye angeweza kumjibia. Halafu nikasikia bisibisi ikianza kuzunguka tena.